Simu ya Wiki Ijayo

Mdogo wangu hasikii. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya simu yetu huuliza kwanza, si mngempigia tu na kabambe? Mimi mbele ya watu siwezi kueleza, naangalia viatu vyangu mpaka mtu mwingine aeleze. Hapa kwa daftari hakuna anayeniangalia. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili, akapona yote isipokuwa masikio. Sasa ana miaka tisa. Kabambe, hiyo simu ndogo ya vibonye isiyo na kamera, inapiga kelele na kuonyesha namba, basi. Kwake hiyo ni tochi tu.

Nyumbani kwetu Kibomet tulikuwa na lugha yetu ya mikono. Hakuna aliyetufundisha, tuliitengeneza pole pole kama njia ya kukata kona kwenye shamba la mtu. Mama ni fundi wa nguo, kwa hivyo ishara yake ni kulowesha uzi mdomoni. Baba hubeba magunia kwenye depo ya mahindi, yeye ni kugonga bega. Mimi ni kiganja juu ya mdomo, maana nikicheka au nikiulizwa swali lolote huko ndiko mkono wangu unakokimbilia. Mdogo wangu tulimwita kwa kuvuta sikio. Hatukuwahi kufikiria kama anaipenda.

Lakini kwa mikono mimi ni mtu wa maneno mengi. Shuleni naweza kumaliza siku nzima nimeitikia jina langu tu wakati wa kuitwa rejista. Nikifika nyumbani tunaketi na yeye kwenye kizingiti, namwigiza mwalimu wa hesabu anavyotembea, namwigiza jirani anavyofukuza kuku, anacheka mpaka anashika tumbo. Ni yeye peke yake niliyekuwa nazungumza naye bila kuona haya. Naandika hivyo ili nisije nikajifanya mtu mzuri huko mbele.

Mwezi wa nne kukapatikana nafasi katika shule ya bweni ya watoto wasiosikia, upande wa Kabuchai, kule ambako miwa inaanza kuonekana kila upande. Baba alifurahi sana. Mama alifurahi nusu. Mdogo wangu alipoonyeshwa sanduku la chuma lililonunuliwa, alilipiga teke na akaenda kujificha chini ya meza ya cherehani.

Kilichombadilisha ni bango. Kwenye duka la kampuni ya simu pale Kitale mjini walikuwa wameweka bango kubwa dirishani: simu mpya ya tachi, ya kugusa kioo, ya bei ya watu wa kawaida, inakuja mwezi wa tano. Bei ilikuwa imeandikwa kwa namba nyekundu. Na kwenye picha kulikuwa na mtoto amekaa kitandani, ameshika simu, na ndani ya simu uso wa bibi fulani anacheka. Mama alitupeleka hapo sisi wawili Jumamosi moja. Alimwonyesha yule mtoto wa picha, akamgusa mdogo wangu kifuani. Akaonyesha yule bibi, akajigusa mwenyewe. Halafu akapiga makofi mara mbili, ambayo kwetu ni Jumapili, kwa sababu ya kanisa. Wewe kule, sisi huku, Jumapili, tunaonana. Mdogo wangu aliliangalia lile bango muda mrefu kiasi cha askari wa mlangoni kuja kuuliza kama tunahitaji usaidizi. Halafu akapiga makofi mawili.

Hivyo ndivyo alivyokubali kwenda. Hakwenda kwa sababu ya masomo wala kwa sababu ya Baba. Alikwenda kwa sababu ya Jumapili.

Wiki ya pili ya mwezi wa tano Mama akampeleka Kabuchai. Jumatatu iliyofuata, nikitoka shule, nikakutana na Mama mjini na tukaingia dukani na pesa.

Aliyekuwa kaunta ni dada mmoja mwenye fulana ya kampuni, kucha ndefu, na sauti ya kuchoka lakini ya upole.

"Ile ya bango," Mama akasema.

"Bado haijafika, mum. Wiki ijayo."

"Si imeandikwa mwezi wa tano?"

"Si bado tuko mwezi wa tano."

Mama akacheka kidogo, akasema ni kweli. Wiki iliyofuata tukarudi. "Wiki ijayo, mum." Wiki iliyofuata nikatumwa peke yangu, na hiyo kwangu ilikuwa adhabu. Nilisimama karibu na mlango nikisoma bango ambalo tayari nalijua kwa moyo, mpaka yule dada akaniona mwenyewe akatikisa kichwa kutoka mbali. Nilimshukuru kwa kunipunguzia maneno.

Najua utauliza kwa nini hatukununua nyingine yoyote. Nyingine mpya zilitushinda bei, lakini mitumba imejaa Kitale. Mama alishawahi kununua, mwaka uliopita, kwa kijana aliyekuwa na haraka pale karibu na soko. Alimwonyesha simu nzuri, akaifunga kwenye karatasi mbele ya macho yake, akampa. Mama alipofungua nyumbani alikuta kipande cha sabuni ya kufulia kimekatwa vizuri kabisa, hata pembe zimezungushwa. Baba alijaribu kunyamaza, akashindwa.

"Angalau utafua," alisema.

Mama hakuongea naye siku mbili. Tangu hapo akaapa kwamba pesa yake haitatoka bila duka, mlango na risiti.

Na kuazima tuliazima. Jirani yetu anayeuza viazi vya kukaanga ana simu ya tachi, akatupatia Jumapili ya pili tangu mdogo wangu aende. Matroni wa shule ndiye mwenye simu upande ule, na siku yake ya kuruhusu ni hiyo Jumapili mchana. Akashika, tukamwona mdogo wangu, nywele zimenyolewa, sare imemzidi. Tukaanza kumpungia wote watatu. Yeye hakupunga. Alikuwa anaisogelea skrini, anarudi nyuma, anaigeuza, halafu uso wake ukaanza kuharibika. Kumbe kamera ya mbele ya ile simu ilikufa zamani, jirani hakujua kwa sababu yeye huzungumza tu. Sisi tulimwona. Yeye aliona giza.

"Anafikiria mumejificha," matroni akasema. "Wacha nikate, analia."

Mama alirudisha simu kwa jirani na kusema asante vizuri, kisha akaketi kwenye cherehani na kushona kitu ambacho hakikuwa cha mtu yeyote. Baadaye akasema, "Sitamwonyesha giza tena. Nikipiga tena, ni na simu ambayo najua inaona."

Baada ya hapo ndipo ile simu ya bango ikaacha kuwa simu tu.

Mwezi wa sita ukaingia. Bango lilikuwa bado pale, lakini mtu alikuwa amebandika karatasi nyeupe juu ya "mwezi wa tano" na kuandika "hivi karibuni" kwa kalamu. Yule dada wa kaunta sasa alikuwa anatujua. Siku moja duka likiwa tupu, akatuambia ukweli.

"Mum, mimi naona vibaya kukudanganya. Hiyo simu Nairobi ilifika kitambo. Nakuru wamepata. Eldoret wamepata, zikaisha wiki moja. Sisi wa huku tunangojea zikibaki."

"Na hazibaki?"

"Hazibaki. Na zikifika hazitakuwa bei hiyo ya dirisha, nimeshasikia." Akainama, akatoa simu yake mwenyewe chini ya kaunta. Kioo chake kilikuwa kimepasuka kama barafu na mgongo umeshikiliwa na raba ya kufungia sukuma wiki. "Yangu ndiyo hii. Nauza simu na siwezi kununua. Wakubwa wakipiga wanataka niwaambie watu wiki ijayo, basi nasema wiki ijayo."

Mama akaangalia ile raba. "Kwani wanajua Kitale iko wapi?"

"Wanajua mahindi."

Hapo wakacheka wote wawili, kicheko cha watu ambao wamechoka na kitu kimoja. Mimi nilikuwa nimekuja nikiwa na hasira tayari, nimeipanga njiani kabisa, na nikakosa mtu wa kumpa. Kampuni haina uso. Ina dada mmoja mwenye raba.

Tulikuwa tumepanga kwenda Kabuchai katikati ya muhula, ile siku ya wazazi. Ikatokea tetekuwanga bwenini na shule ikafunga geti kwa wageni wote, watoto wakabaki ndani. Mama alipigiwa na matroni kwenye kabambe.

"Yuko aje?"

"Ako sawa. Ugonjwa haujamshika."

"Analia?"

"Zamani alikuwa analia. Siku hizi ananyamaza tu Jumapili."

Mama hakupenda hilo la kunyamaza. Mimi pia sikulipenda, lakini kwa njia nyingine. Nilikuwa nimeanza kufikiria kwamba akichoka kabisa atarudishwa nyumbani, na wazo hilo lilinipa furaha ambayo niliionea aibu. Kile kizingiti kilikuwa kimekuwa kizingiti tu. Nilikuwa nakaa pale na mikono yangu ikiwa haina kazi.

Simu ilifika mwisho wa mwezi wa saba. Yule dada alitupigia mwenyewe. Tulipoingia, lile bango lilikuwa limeondolewa, limebaki alama za gundi. Bei ilikuwa imepanda kama alivyosema, na zaidi ya hapo ilikuwa lazima ichukuliwe na kava, na laini mpya, na bando la intaneti la mwezi, kwa sababu peke yake hawaiuzi. Laini ya zamani ya Mama, ile wateja wote wanaijua, ni ya kampuni nyingine, na simu hii ilikuwa imefungwa, haikubali laini isiyo ya kwao.

"Kwa hivyo nabeba simu mbili," Mama akasema.

"Mbili, mum. Pole."

Mama akatoa hata zile pesa alizokuwa ameweka kwa ajili ya mota ya cherehani. Yule dada alifungua kasha mbele yetu, akaiwasha, akaweka kamera ya mbele, na kumwelekezea Mama.

"Jione."

Mama akajiona. Akasawazisha kitambaa cha kichwa. "Inaona," akasema.

Jioni hiyo Mama alitueleza msimamo wake, mimi na Baba, tukila. Matroni alikuwa ametaka jibu. Muhula ulikuwa unakaribia kwisha na kulikuwa na mtoto wa kutoka Kapenguria anangoja kitanda. Kama mdogo wangu harudi muhula wa tatu, kitanda kinapewa huyo, na kukipata tena ni bahati.

"Jumapili nitamuuliza mwenyewe," Mama akasema. "Mimi nilimdanganya. Akisema anataka nyumbani, anakuja na sanduku lake na harudi. Sitamlazimisha mara ya pili."

"Na akifika nyumbani atasoma wapi?" Baba akauliza.

"Sijui."

Mimi nilikula ugali wangu nikiangalia sahani.

Jumapili tukaweka simu kwenye meza ya cherehani karibu na mlango, mahali netiwaki inapokaa vizuri, tumeiegemeza kwenye mikebe ya uzi. Baba alikuwa bado na shati la kanisa. Matroni akashika.

"Ati hatimaye," akasema. "Mulipotea nyinyi."

Akamwegemezea mdogo wangu simu mezani. Alikuwa amenenepa kidogo. Hakulia. Alituangalia mmoja mmoja, akahakikisha kwamba tuko, halafu akaanza kuongea.

Sijui niandikeje. Mikono yake ilikuwa inakimbia. Zilikuwa ishara ambazo sijawahi kuziona, ndogo, safi, zinatoka moja ndani ya nyingine, na uso wake ulikuwa unafanya kazi pamoja nazo. Mama alikuwa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa kama mgeni kwenye harusi ya kabila lingine. Halafu picha ikakwama na mkono mmoja ukabaki hewani. Sauti ikikatika mtu anaweza kukisia neno. Mkono uliokwama haukisiwi.

Picha iliporudi, matroni alikuwa amesimama nyuma yake, anatutafsiria.

"Anauliza kwa nini mulichelewa. Anasema alihesabu Jumapili mpaka saba, akaacha."

Mama akanigeukia. "Mwambie." Lakini nimwambie nini? Kwetu hatukuwa na ishara ya kampuni. Nikachora bango hewani. Nikaonyesha Mama, kuuliza, halafu nikalaza shavu kwenye kiganja, ambayo ni kesho, ni kulala ukaamka. Nikalaza tena. Nikalaza tena na tena mpaka shingo ikauma, kila kulala ni siku moja tuliyoambiwa tungoje. Alinitazama kwa makini. Akanijibu kwa ishara moja ya kwetu ya zamani, ile ya kufuta meza, maana yake imeisha.

Halafu Mama akataka kumwita, akavuta sikio. Mdogo wangu akatikisa kidole, hapana. Akaweka ncha ya kidole kwenye kishimo cha shavu lake, akakizungusha.

"Hilo ndilo jina lake hapa," matroni akasema. "Watoto walimpatia."

Nilijua kile kishimo tangu azaliwe. Haikuwahi kunijia kwamba ni jina.

Kukasikika kelele upande ule. "Ngojeni kidogo, kuna mtoto ameanguka kwa ngazi," matroni akasema, akaondoka, akamwachia mdogo wangu simu.

Mama akavuta pumzi. Akauliza kwa mikono, pole pole, kwa lugha yetu: wewe, nyumba, unataka? Au wewe, kule, unataka? Na mara tu alipomaliza akafuta macho kwa kitambaa, na Baba naye akawa anamshika bega, na jibu likaja wakati huo. Mimi ndiye niliyeliona.

Alijibu kwa lugha ya kwetu. Aliitoa kama mtu anayemshushia mtoto kitu kutoka rafu ya juu. Nyumba, hapana. Hapa, ndiyo. Kulala, kulala, kuja nyumbani. Kulala, kulala, kurudi hapa. Na mwisho akaweka ishara moja ya shuleni, akafunganisha mikono yake miwili na kuitikisa, na hiyo sikuielewa.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

"Wewe ndiye unamwelewa," Baba akaniambia.

"Imekwama," nikasema. "Sijaona vizuri."

Haikuwa imekwama. Nilikuwa nafikiria kile kitanda. Mama angeuliza tena, netiwaki ingeweza kukatika kweli, matroni angetaka jibu, na Mama angechagua kwa moyo wake ulivyokuwa siku hiyo, na moyo huo ulimtaka nyumbani. Ingetosha ninyamaze. Mimi kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua zaidi ya zote.

Mdogo wangu alikuwa ananiangalia. Hakusikia niliyosema, lakini aliuona mkono wangu ulipo, juu ya mdomo. Akaanza upya, polepole zaidi, akiniangalia mimi peke yangu na si Mama. Nyumba, hapana. Hapa, ndiyo. Hakuwa ameudhika. Alifikiri tu kwamba nimesahau lugha yetu.

Nikautoa mkono.

"Anataka kukaa," nikasema. "Atakuja likizo halafu arudi."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Hata mara ya kwanza alisema hivyo. Niliona."

Mama aliniangalia. Nilifikiri atauliza kwa nini basi nilisema imekwama, lakini alikunja kitambaa chake akakiweka mezani. Baba alikohoa na kuangalia nje mlangoni.

Matroni akarudi, anahema. "Haya, mumeamua nini? Huyu wa Kapenguria nimwambie nini?"

Mama alifungua mdomo, na mimi nikamtangulia. Sijawahi kumtangulia mtu kuongea, sembuse mtu nisiyemjua, kwenye simu, mbele ya wazazi wangu.

"Matroni, samahani. Hii ni nini?" Nikafunganisha mikono yangu kama alivyofanya, nikaitikisa mbele ya kamera.

"Hiyo? Marafiki. Ako nao watatu, hawaachani. Kwani kwenu munaonyesha aje?"

Nikatafuta. Nilipitia mikono yetu yote, uzi, gunia, ugali, mvua, kuku wa jirani, mwalimu wa hesabu.

"Kwetu haiko," nikasema.

"Mwekee kitanda chake, matroni," Mama akasema. "Atarudi."

Kwenye skrini mdogo wangu alikuwa ameshageuka. Mtu alikuwa amegonga sakafu kwa mguu kumwita kwa mtikisiko, simu ikatikisika kidogo pale ilipokuwa imeegemezwa, na tukaona mgongo wake na shingo iliyonyolewa, na mikono mingine miwili mitatu inaingia kutoka pembeni ikimwambia jambo. Akajibu. Tulikaa pale watatu tukimwangalia akiongea, mpaka matroni alipochukua simu yake.